Mashine Isiyoruka Ukurasa

Kwa muda wa miaka mitano hakufa mtu nyumbani kwetu. Nasema vitabuni. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilimsomea mke wangu riwaya, na kila aliyekaribia kufa nilimnusuru. Madaktari walipona, wezi walitubu, waume waliopotea walirudi majumbani wakapokewa kwa chai ya tangawizi na vitumbua vya moto. Mke wangu aliwahi kuniambia, amejilaza kwenye kochi na kitambaa cha maji baridi machoni, "Waandishi wa siku hizi wana huruma. Wa zamani walikuwa wakitutoa machozi bure." Nikamjibu kuwa ni kweli, dunia imebadilika.

Haikubadilika dunia. Nilibadilisha mimi, tena kazi ya kalamu ya mtu mwingine.

Mke wangu amepoteza nuru kwa presha ya macho, maradhi yanayoanza kula pembeni, yakaja katikati, mpaka yakamwachia tofauti ya jua na kivuli tu. Kabla ya hapo alikuwa msomaji kunishinda. Mimi nilifika kidato cha nne nikaishia kuwa karani wa ghala la hoteli moja huko Kiwengwa, kazi ya kusoma makaratasi ya makopo ya nyanya. Yeye aliishia darasa la saba, lakini alikuwa hapiti penye vitabu vya mitumba bila ya kuinama. Nilipostaafu tukarudi mjini, kwenye ghorofa ya nyumba ya wazee wake, na macho yake yalipofunga kabisa nilitangaza mbele ya watu, kwenye harusi ya mpwa wetu, "Mie ndo macho yake." Watu wakaitikia mashaallah. Nikajiona mtu mkubwa.

Siku za mwanzo nilisoma kwa uaminifu. Tatizo ni dirisha. Dirisha letu liko juu ya baraza, na barazani ndipo wanapokaa wenzangu kunywa kahawa, na kahawa huanza alasiri hiyo hiyo. Mimi niko juu namsomea mke wangu kurasa mbili za mto unavyopita bondeni, wao wako chini wanacheka, na sijui wanachekea nini. Siku moja nikauruka ule mto. Nilikwenda moja kwa moja upande wa pili, wahusika wakiwa wameshavuka na hata nguo hazijarowa. Hakuna aliyeuliza. Kesho yake nikaruka mlima.

Ningeishia kwenye mito na milima, dhambi yangu ingekuwa ndogo. Lakini tukafika kwenye riwaya ya seremala aliyemwacha mkewe akaenda zake, akarudi akiwa mzee, akagonga mlango. Kitabuni mke hakufungua. Kurasa nne nzima mwanamume anagonga, na mke yuko ndani anachagua mchele, chuya huku, mchele huku. Mimi sikuwahi kumkimbia mke wangu, lakini kosa langu kwake ninalo, na nitalifikia. Nilipoona ule mlango umefungwa, ulimi ukakataa. Nikaufungua. Mke wa seremala akasema karibu bwana, akaweka birika jikoni, na mke wangu pale kwenye kochi akashusha pumzi akasema alhamdulillahi.

Tangu siku hiyo sikujizuia tena. Ukishamfufua mmoja, wa pili ni rahisi. Na yeye hakuwa na njia nyingine ya kujua kilichoandikwa ila kinywa changu, si kitabuni tu bali kwenye kila karatasi iliyoingia nyumbani.

Basi siku moja akarudi kutoka kliniki ya macho, amesindikizwa na dada yake, uso unawaka kama bibi harusi. Kwenye benchi la kusubiria alikaa na wanawake waliomwambia kuwa siku hizi kuna mashine.

"Mashine ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kusoma vitabu. Ndogo, unaitia mfukoni. Kuna walimu wanavisoma vitabu, wanajirekodi, wanatutilia kwenye kadi sisi tusioona. Kadi bure, mashine ujitafutie mwenyewe. Unabonyeza tu, inakusomea kitabu kizima, neno kwa neno."

"Neno kwa neno?"

"Haiachi hata moja. Ntakupumzisha, bwana wangu. Umechoka masikini, nakusikia sauti inavyokwaruza."

Niliingia chumbani nikakaa kitandani. Alikuwa ananionea huruma, na mimi nilikuwa nahesabu wafu wangu.

Sikuweza kukataa, kwa hiyo nilifanya wanavyofanya waoga wote: nilijitolea kwenda kununua mwenyewe. Pale Darajani kuna duka la redio la Mhindi mmoja aliyelirithi kwa baba yake, mtu wa makamo, mpole, anayejua kila kilichomo dukani mwake isipokuwa mahali kilipo. Nikamwambia nataka mashine ya kusikilizia vitabu, ya mtu asiyeona. Akanipangia kaunta nzima. Nikachagua iliyong'ara kuliko zote: bapa, uso mzima kioo, haina kitufe hata kimoja kilichojitokeza, na ukiiwasha taa zake zinacheza rangi saba pembeni. Wallahi nilidhani nimechagua vizuri. Niliipenda mimi, nikaona atakayepewa ataipenda.

Nikamwekea mkononi.

"Iko wapi mbele?" akauliza.

"Huko huko uliko. Teleza kidole tu."

Akateleza. Ikatoa mlio. Akateleza tena, ikanyamaza. Akaipindua, akateleza mgongoni, pasipo na kitu. "Ni kama kuchunga samaki ndani ya ndoo," akasema.

"Lakini ina taa," nikamwambia. "Zinacheza rangi saba."

Akageuza uso wake kwangu pole pole. "Hebu nisimulie," akasema. "Ya kwanza rangi gani?"

Nilianza kumjibu. Nilifika rangi ya tatu ndipo nilipoelewa, nikanyamaza. Yeye akacheka mpaka akaegemea ukuta, na mimi nikacheka kwa aibu, na ndani ya aibu ile, nakiri, kulikuwa na furaha. Nikasema kwa sauti ya masikitiko, "Basi mashine hizi hazikufai. Tuendelee na mie tu."

"Aa wapi. Kesho tunakwenda sote. Mara hii itachagua mikono yangu."

Kesho yake tukaenda, yeye amevaa buibui lake la kutokea, amenishika kiwiko. Mwenye duka akatusalimu shikamoo zetu wote wawili, tukaitikia marahaba.

"Mwanangu, nakurejeshea kioo chako," mke wangu akasema.

"Kina kasoro gani, Bi?"

"Hakina. Kasoro iko kwa bwana wangu, kanichagulia kwa macho yake. Nipangie ulizo nazo. Zitoe kwenye maboksi, zote, usinisifie hata moja."

Akazipanga. Mke wangu akavua pete asije akakwaruza, akaanza kuzipapasa moja moja kama anayechagua maembe. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vitano vya sura moja. "Hawa mapacha," akasema, "ntajuaje nani kaka?" Akaisukuma pembeni. Ya pili vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mtama. Ya tatu aliipenda umbo, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena, ikaanza upya mwanzo kabisa. "Hii haikumbuki ilipofika. Nikisikiliza kitabu cha masiku kumi, kila siku ntakuwa naanza bismillahi. Weka kule."

Ya nne alipoiwasha tu ikaanza kisomo cha Kurani.

Hapo wasiokuwa wa mji huu hawataelewa kilichotokea, na waliomo hawatahitaji kuelezwa. Duka zima likanyamaza. Mke wangu akavuta mtandio mbele. Mimi nikakunja mikono. Mteja mmoja aliyekuwa mlangoni ameshika waya, anauliza unauzwaje, akaunyanyua waya ule juu akabaki nao vile vile. Mwenye duka si Muislamu, lakini alizaliwa Darajani na amekulia Darajani. Alinyamaza kwa adabu kuliko mimi, macho chini, kidole kimesimama juu ya kitufe bila ya kukibonyeza, kwa sababu anajua kisomo hakikatwi katikati ya aya. Ilikuwa sura ya pili, na anayeijua anajua urefu wa baadhi ya aya zake. Tukasimama. Mke wangu akafuata kwa midomo, na aya ilipokamilika akanyanyua kidole kimoja. "Hapo," akasema, na mwenye duka akabonyeza. Kila mtu akapumua. Waya ukashuka.

"Hii nzuri, Bi," mwenye duka akasema. "Kurani nzima imo, haifutiki, na nafasi ya vitabu vyako ipo."

"Ndo sababu siitaki."

"Kwa nini tena?"

"Kurani nnayo mashine yake. Iko juu ya kabati na siishiki bila ya udhu. Hii mie nataka niilaze mkekani, ubavuni mwa miguu. Niingie nayo jikoni na mikono ina samaki. Nikifika penye kuchekesha nicheke. Na haja ikinibana sitaki kusubiri mwisho wa aya. Nataka niende nayo huko huko ninakokwenda."

Mwenye duka akajifunika uso kwa daftari, mabega yakitikisika. Lakini taabu ikawa hiyo, kwa sababu mashine karibu zote zinazoletwa huku zina Kurani ndani, ndivyo zinavyouzika. Tulijaribu sita, na kila tukiwasha moja tulisimama wima sote kama tuko swafu ya mbele msikitini, tukingoja kidole cha mke wangu. Mtu wa waya alisimama nasi mara tatu, mara ya nne akalipa bei aliyotajiwa akaondoka.

Mimi nilikuwa naanza kupata matumaini. Nikasema, "Unaona? Hakuna." Lakini mke wangu alikuwa bado hajatosheka. Ilibaki moja isiyokuwa na kisomo, na mwenye duka akaapa kuwa hiyo ni rahisi, hata mtoto anaitumia.

"Una kitambaa mfukoni?" mke wangu akamuuliza.

"Ninacho."

"Jifunge macho."

Mwenye duka akanitazama, mimi nikatazama dari. Akajifunga.

"Sasa iwashe isome kitabu."

Akabonyeza, ikafungua redio, taarabu kwa sauti ya mwisho. Akabonyeza tena, redio ikabaki na tochi ikawaka. Akabonyeza kwa nguvu, ikaacha kuimba ikatoa tangazo refu la sauti ya kike kwa Kichina. Watu wakaanza kusimama mlangoni.

"Na wewe ndiye muuzaji," mke wangu akamwambia kwa upole.

Kitu kilimwingia yule bwana. Hakuvua kitambaa. Akazivuta mashine zake zote, zile zile alizozisifu kwangu jana, akaanza kuzipima mwenyewe kwa vidole, anaguna, anazitukana kwa Kigujarati, "hapana hii, hapana hii," na wateja wanasubiri. Halafu akasimama ghafla, akavua kitambaa, akapanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa, akashuka na kitu kina vumbi. Kilikuja na mzigo zamani, akasema, na hakuna aliyekitaka kwa ubaya wake.

Kilikuwa kibaya kweli. Kijivu, kinene, mfano wa kipande cha sabuni ya kufulia. Lakini mke wangu alipokipokea niliona mabega yake yakishuka. Kitufe cha katikati duara, cha kusimamisha. Mishale miwili iliyochongoka, mbele na nyuma. Cha pembeni mraba. Spika yake imetazama juu, kamba ya kutundika shingoni, na ukiiwasha inasema kwa sauti imebakiwa na chaji kiasi gani. Ndani tupu. Mwenye duka akatia kadi yenye hadithi, mke wangu akaizima katikati ya neno, akangoja, akaiwasha, ikamalizia neno.

"Mbaya hiyo," nikasema. "Watu watatucheka."

"Nani ataitazama? Mie?"

"Na nzito."

"Nimekubebea watoto sita."

Nikafungua pochi.

Kadi aliileta mwalimu mwenyewe, binti wa mtaa wa Ng'ambo wa miaka kama thelathini, anayesomesha shule ya msingi na kurekodi vitabu chumbani kwake akirudi kazini. Alituamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, akamwonesha mke wangu jinsi ya kutoka kitabu kimoja kwenda kingine. "Vimo kumi na viwili, Bi. Mtanisamehe, nyuma mtamsikia jogoo wa jirani." Akavitaja vyote. Saba nilikuwa nimeshavisoma mimi.

Alasiri ya kwanza mke wangu akachagua kile cha daktari mwenye homa, mmoja wa niliowaponya, apate kukipenda tena. Nikateremka barazani kama mtu huru, nikaagiza kahawa, na kikombe hakikufika mdomoni. Dirisha lilikuwa wazi. Sauti ya mwalimu ilikuwa inashuka juu ya kichwa changu, safi, haina haraka, inapita mto wote na mabonde yote, na jogoo wake, na kila sentensi inamsogeza daktari karibu na homa. Mwenzangu mmoja akaniuliza mbona natoka jasho kwenye upepo huu. Nikasema kahawa moto.

"Bwana wee," sauti ikaita dirishani.

"Naam."

"Hebu panda. Daktari kafa."

Baraza zima likasema inna lillahi. "Daktari yupi?" wakauliza, na mimi nikapanda ngazi bila ya kuwajibu.

Alikuwa amekaa wima, mashine kifuani. "Huyu mtoto wa watu kakosea. Kamuua daktari. Si alipona? Si uliniambia alipona akafungua zahanati?"

Nilipewa nafasi ya kukiri, msomaji. Ilikuwa imefunguka mbele yangu kama mlango wa mbele. Nikasema, "Huenda karuka ukurasa."

Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo ndilo ninaloliona dogo kuliko yote kwa sura na kubwa kuliko yote kwa uchafu. Nilimtwika binti wa watu dhambi yangu, kwa sentensi ya maneno matatu.

Mke wangu akasikiliza cha pili, akaja na taarifa kuwa mwizi wa karafuu hakutubu. Cha tatu, mapacha walikufa maji. "Ana kiu ya damu mwalimu huyu," akasema, "na sauti yake nzuri vile." Alipofika kwa seremala, na mlango haukufunguliwa, akakasirika hasa. Akamwambia dada yake amshikie simu, akamrekodia mwalimu ujumbe: mwanangu, Mungu akulipe, lakini unaharibu kazi za watu, vitabu hivi bwana wangu kanisomea na macho yake mazima, havikwisha hivyo.

Jibu likaja saa ile ile. Yule binti alisema alisoma kilichoandikwa, lakini pengine alichoka, pengine kurasa zilishikana, na kama amekosea atavifuta vyote kumi na viwili aanze upya. Kazi ya mwaka na zaidi. Ijumaa angekuja na vitabu vyenyewe ili mzee amwoneshe penye makosa.

Mzee ni mimi.

Siku mbili zile nilitunga. Nilipata uongo mzuri sana: kwamba kuna chapa mbili, ya zamani watu wanapona na mpya wanakufa. Niliufanyia mazoezi msalani. Ijumaa alasiri binti akaja na mfuko wa vitabu, macho yamevimba, akaweka kile cha seremala juu ya meza mbele yangu, kimefunguliwa penye mlango. "Babu, nioneshe tu," akasema. "Sitachukia."

Nikakitazama. Kurasa nne, na mchele wake. Nikasema, "Hukukosea. Nilikosea mie. Mlango haukufunguliwa."

Mke wangu akainua kichwa. "Nani alikosea?"

"Mie. Nilibadilisha."

"Na daktari?"

"Alikufa."

"Mwizi wa karafuu?"

"Alifungwa. Hakutubu hata kidogo, alimtukana hakimu."

"Mapacha?"

"Maji, Bibi. Wote wawili."

"Yule bibi wa Paje, wa mwani, aliyeolewa na nahodha?"

"Hakuolewa. Nahodha alikuwa na mke."

"Nilitoa sadaka kwa furaha ya ile harusi," akasema.

Akaendelea, kitabu baada ya kitabu, kama mtu anayefunua mashuka ya maiti, na mimi namtajia nani yuko chini yake. Mwalimu alikuwa ameinamia kikombe chake. Mara nikaona kikombe kinatikisika, nikadhani analia, kumbe anajizuia kucheka. Kikamponyoka kicheko. Mke wangu akakisikia, naye akashindwa, wakacheka wote wawili mpaka mtandio ukamdondoka. "Miaka mitano," akawa anasema, "miaka mitano hakufa hata kuku." Nikacheka nao, nikadhani nimepona, kama wale wagonjwa wangu.

Nikamwomba binti msamaha kwa lile neno la kuruka ukurasa. Akanijibu, "Yamekwisha, babu." Kabla ya kuondoka alimshika mke wangu kidole, akakiweka juu ya kile kitufe mraba cha pembeni, akamwambia hicho ni cha kurekodi sauti, akitaka. Akatuaga.

Nilipofunga mlango nikarudi, mke wangu alikuwa hacheki tena.

"Bwana wangu. Na karatasi ya daktari wa macho?"

Nilijua kuwa itafika. Macho yalipoanza kumchezea, akawa anajigonga kwenye miimo ya milango, nilimwambia ni uzee. Nilimnunulia miwani sokoni, nikapenda alivyopendeza nayo. Ilipomshinda nikamnunulia nyingine. Mwaka ukapita hivyo. Tulipokwenda hospitali, daktari aliandika kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, na mimi wa kidato cha nne ndiye niliyemsomea. Nikamsomea dawa na tarehe za kurudi.

"Kuna mstari niliuacha," nikasema.

"Unasemaje?"

"Unasema tumechelewa. Kwamba presha ilianza tangu mwaka ule wa miwani, na ingepimwa mapema nuru ingebaki."

Chini barazani walikuwa wanacheka, na kwa mara ya kwanza sikutaka kujua wanachekea nini. Nikasema nisamehe. Akasema, "Ngoja kwanza. Kailete."

Nikaileta. Akaivuta ile mashine, akatafuta kitufe mraba kwa kidole gumba, akabonyeza, akaisogeza karibu na kinywa changu. "Yote," akasema. "Kwa Kiswahili. Kuanzia juu."

Nilisoma. Nilipofika kwenye mstari ule nikaupita haraka, akasema rudia hapo, nikarudia. Alipoisikiliza alirudisha nyuma mara tatu pale pale, mshale wa kushoto, mshale wa kushoto, na sauti yangu mwenyewe ikatoka mle, kama mbuzi mwenye mafua, ikikiri. Mara ya tatu aliizima. Akapangusa macho kwa upindo wa mtandio. Sikujua kama nimesamehewa na sijui mpaka leo, maana hajasema, na mimi si mtu wa kumtungia jibu tena.

Alichosema ni hiki: "Kuna boksi jipya la dawa ya matone hapo juu ya friji. Lisome."

"Tone moja kila jicho, asubuhi na—"

"Nimekwambia ulisome." Na akabonyeza kitufe mraba.

Basi nikalisoma, pande zote sita. Tikisa kabla ya kutumia. Weka mbali na watoto. Usitumie ikiwa kifuniko kimevunjika. Jina la kiwanda, mji wake, nchi yake.

"Chini ya hapo?"

"Chini ya hapo namba tu, Bibi. Nyingi."

"Zisome," akasema, na nikaona pembe ya mdomo wake inaanza kucheza. Nikasogea dirishani penye mwanga, nikazisoma.